Tumbo la Hajia Arbia

Arbia Hirsi hakuiogopa ndege. Hakuogopa joto la Makka wala msongamano wa watu, maana alizaliwa upande wa Diff, ambako jua halina huruma, na alikuwa ameishi Garissa miaka mingi akipika anjera, ile mikate laini ya Kisomali, karibu na soko la mifugo, katikati ya makelele ya madalali na vilio vya ngamia. Alichokiogopa ni tumbo lake.

Kulikuwa na habari iliyokuwa ikizunguka mtaa wa Waberi kuhusu mwanamke mmoja aliyekwenda Hija mwaka uliotangulia, akashikwa na tumbo la kuendesha katikati ya umati uliokuwa ukizunguka Kaaba. Waliokuwa naye walirudi wakaisimulia kwa sauti ya chini, na kila aliyeisikia akaisimulia tena kwa sauti ya chini vilevile, hadi mtaa mzima ukaijua. Mwanamke yule hakuonekana tena arusini. Arbia mwenyewe aliwahi kuicheka habari hiyo, akiziba mdomo kwa shela. Sasa ndugu zake walikuwa wamemchangia safari, jina lake limeshapelekwa Nairobi, na kila akikaa kwenye jiko lake alfajiri alijiuliza: na mimi je, tumbo likinigeuka?

Hapo ndipo alipokwenda kwa Abdiqani, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa na duka la dawa karibu na stendi ya mabasi. Abdiqani hakuwa daktari. Alikuwa amefanya kazi kwa muda katika duka la mtu mwingine Nairobi, akarudi na koti jeupe na maneno machache ya kitaalamu, na hayo yalitosha kumfanya mtu wa kutegemewa.

"Eedo, usijali," alimwambia shangazi yake, akichota vidonge vya rangi mbili, vyekundu na manjano, na kuvitia kwenye mfuko wa nailoni. "Hivi wanavitumia hata wazungu wa mashirika wanaokwenda kambi za wakimbizi. Kunywa asubuhi na jioni tangu siku ya kupanda ndege. Ukijikinga mapema, ugonjwa hauna pa kuingilia."

"Hata kama siumwi?"

"Hasa kama huumwi."

Arbia akavimeza tangu asubuhi ya safari, kabla basi halijavuka daraja la Tana kuelekea Nairobi. Na bado, kule Mina, tumbo lilimgeuka. Halikuwa jambo kubwa. Wanawake wengi hemani walikuwa hivyohivyo, wametoka nchi ambazo Arbia hakuwahi kuzisikia majina, na kila mmoja alikuwa amekuja na dawa zake. Walipeana kama watu wanavyopeana tende. Mama mmoja wa Karachi, ambaye hawakuelewana naye lugha hata neno, alimwona Arbia ameshika tumbo akamtilia mkononi vidonge vyeupe vikubwa. Arbia akavimeza pamoja na vile vya Abdiqani. Tumbo lilipotulia akaviacha. Lilipounguruma akavirudia. Alimaliza ibada zake zote bila kuaibika, na usiku wa mwisho alimshukuru Mungu kwa machozi, na katika shukrani hizo tumbo nalo lilikuwamo.

Aliporudi Garissa, Waberi nzima ilitoka. Mbuzi alichinjwa, buraanbur, mashairi ya wanawake, ikaimbwa, wanawake wakapiga vigelegele mpaka watoto wakaziba masikio. Arbia alikaa juu ya mkeka mpya, na watu wakaja mmoja mmoja kupokea baraka. Alizitoa tende kwenye boksi kwa vidole vyake, akazipasua, akatoa kokwa, akawatia watoto vinywani. Alimimina maji ya Zamzam kwenye kikombe kimoja, kikazunguka. Mjukuu wake Idman, mtoto wa binti yake Sirad, ndiye aliyependelewa kuliko wote. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea vizuri, na alimng'ang'ania bibi yake kama kupe. Kila mlo Arbia alimlisha kwa mkono wake: anjera iliyolowekwa kwenye maziwa, tonge baada ya tonge.

Mwaka ule mvua za masika zilikuwa zimekataa. Maji yaliletwa mtaani kwa mikokoteni ya punda, na kila nyumba iliyapima. Ya kupikia kwanza, ya kunywa, ya kutawadha. Chooni mtu aliingia na birika dogo, akatoka, akajimwagia tone la kulainisha vidole, basi. Sabuni ilikuwa ya kufulia.

Haikupita muda mrefu Idman akaanza kuendesha. Siku ya kwanza waliona ni meno. Halafu damu ikaonekana. Sirad alimpeleka kwa Abdiqani, akapewa dawa ya maji ya waridi, ikamezwa yote, damu isikome. Mtoto akalegea, macho yakaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Watoto wengine wa mtaani nao wakashikwa, ingawa si vibaya kama yeye. Ndipo Arbia na Sirad wakambeba kumkimbiza hospitali.

Aliyewapokea ni tabibu aliyeitwa Kioko, Mkamba mwenye sauti ya upole aliyekuwa ameletwa Garissa kikazi na kuizoea. Alimwekea mtoto dripu kichwani, kwa kuwa mishipa ya mikono haikuonekana tena, kisha akaanza dawa aliyozoea kuwapa watoto wenye kuhara damu.

"Dagtari," Arbia alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "mtoto yangu nakufa?"

"Hatakufa, Hajia. Dawa hii huwa haikosei."

Lakini ilikosea. Kioko akabadilisha, akaweka nyingine, nayo ikawa kama anampa mtoto maji matupu. Alichukua choo cha Idman akakipeleka maabara, kikaoteshwa kwenye visahani vya kioo. Majibu yalipotoka alikuja wodini na uso uliokunjamana, akavuta kiti.

"Tulipanda vijidudu vyake," alisema, "tukaviwekea vipande vya karatasi vyenye dawa, kila kipande dawa yake. Dawa ikiwa na nguvu, vijidudu hufa pale karibu, unaona duara safi kuzunguka karatasi. Hapa hakuna duara. Vimeota mpaka juu ya karatasi zenyewe. Kuna sindano moja tu iliyoviweza, na hapa hatuna. Nimeiagiza Nairobi, inakuja na basi." Akamgeukia Sirad, kisha Arbia. "Aina hii mimi sijaiona hapa. Kuna mtu nyumbani ametoka safari ya mbali? Ameumwa tumbo huko? Ametumia dawa?"

Sirad alimtazama mama yake.

Wodi ilikuwa imejaa. Kitanda cha jirani alikaa Rukiyo, mwanamke wa Waberi, na mtoto wake naye anaharisha. Rukiyo alikuwa mtu wa maneno mengi, na wakati huo alikuwa amenyamaza kabisa, anasikiliza. Arbia akaiona habari yake ikitoka wodini kwa sauti ya chini, ikivuka barabara, ikiingia arusini.

"Mimi natoka Hija," alisema. "Lakini mimi hapana umwa. Hapana kunywa dawa."

Kioko akafungua ukurasa mpya wa faili.

"Ni maziwa," Arbia akaongeza. Hakujua neno lilitoka wapi, lakini lilipotoka alilishika kwa mikono miwili. "Ile maziwa ya Maka, ile mama nauza kwa dumu. Watoto wote nakunywa ile."

Rukiyo akapiga paja lake. "Wallahi! Hata wangu!"

Maka alikuwa mwanamke wa familia ya wafugaji iliyopoteza mifugo yake kwenye ukame, ikahamia pembeni mwa mji. Kila asubuhi alipokea maziwa ya ngamia kutoka kwa jamaa zake ng'ambo ya mto, akayabeba kwenye madumu ya njano, akapita nyumba kwa nyumba Waberi. Alikuwa mnyamavu. Akimimina, huongeza kidogo juu ya kipimo bila kusema. Arbia alimjua vizuri, na alijua pia kuwa nyumbani kwake maziwa yale huchemshwa kila siku, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiyachemsha.

Neno la mtu aliyerudi Hija lina uzito, na hili lilikimbia. Rukiyo alitoka hospitali kwenda kuoga na kurudi, na katika safari hiyo moja Waberi yote ikajua kuwa Hajia Arbia amesema maziwa ya Maka yanaua watoto. Asubuhi iliyofuata Maka alipofika na madumu yake, wanawake walimzingira. Aliwaambia maziwa ni yale yale ya siku zote. Rukiyo alilipindua dumu la kwanza, mwingine akalipindua la pili, na maziwa yakaingia mchangani mbele ya mwenyewe. Maka hakupigana. Aliyaokota madumu, akayafunga pamoja kwa kamba yake, akaondoka. Habari hizi Sirad ndiye aliyezileta wodini, na alizieleza akimtazama mama yake muda wote.

"Maka ana mtoto mchanga," Sirad alisema.

"Najua," alisema Arbia, na akajifanya anamfunika Idman shuka.

Sindano ilifika. Idman akachomwa, na baada ya siku mbili hivi damu ikapungua, akalia kwa sauti yenye nguvu, akataka kubebwa. Kila mtu alifurahi. Arbia pia alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na kitu kilichokwama ndani yake kama mwiba wa samaki, hakimezeki wala hakitemeki. Akijaribu kusali, akili ilimkimbilia kwenye mchanga ule uliolowa maziwa. Alikuwa ametoka kule ambako mtu hurudi safi kama siku aliyozaliwa na mama yake, na hata mwezi haujaisha ameshasema uongo mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Kioko aliomba watu wote wa nyumba ya akina Idman watoe choo kipimwe. Sirad alitoa. Arbia alikataa. "Choo ya mwanamke mzima kubebwa na kopo? Mbele ya watu? Hapana." Kioko hakubishana naye.

Basi aliyeifichua siri alikuwa Abdiqani, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuja wodini mchana, amebeba juisi ya mtoto, koti lake jeupe limepigwa pasi. Kioko alikuwa pale akimpima Idman. Abdiqani akamsalimia kama mwenzake wa kazi, kisha akamgeukia shangazi yake, na ili daktari amwelewe akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayejivunia kazi yake:

"Eedo, sikukuuliza. Zile rangi mbili nilizokupa za safari zilikufaa? Ulizimaliza?"

Nje mtu alikuwa akichota maji kwenye tangi, na sauti ya kopo ikigonga bati ilisikika mpaka ndani. Abdiqani akatazama nyuso, tabasamu lake likafifia polepole. Arbia alivuta shela yake ikafunika uso wote, kama bibi arusi. Alitamani kitanda kile kingekuwa kaburi lake.

"Hajia," Kioko alisema, akainama ili sauti yake isifike mbali, "sikuulizi ili kukuaibisha. Nataka tu kujua. Ulizimeza?"

Chini ya shela, Arbia akatikisa kichwa kukubali. "Na ingine," alinong'ona. "Nyeupe. Mama ya huko nanipa."

Kioko akamweleza, polepole, na Sirad akamfasiria kwa Kisomali palipomshinda. Tumboni mwa kila mtu mna vijidudu vingi, na vilivyo vingi havina ubaya, vinashika tu nafasi zao. Mtu akimeza dawa bila ugonjwa, anaviua vile vinyonge na vile vyema pamoja. Vinavyosalia ni vile sugu, na sasa vina nafasi tele. Na kule kwenye watu wa dunia nzima, kwenye chakula na maji ya wengi, ni rahisi kuokota vingine vilivyokwisha kuzoea dawa za kila nchi. Mwenyewe anaweza kurudi mzima, asisikie chochote. Lakini anavyo, na vinatoka naye chooni.

"Mimi natawadha," Arbia alisema. "Kila sala natawadha."

"Najua, Mama. Mimi nauliza baada ya choo. Sabuni?"

Arbia aliitazama mikono yake juu ya mapaja. Ilikuwa bado na hina ya mapokezi, imeanza kufifia kwenye kucha. Alikumbuka tende zilizopasuliwa, midomo midogo iliyo wazi kama ya vifaranga, matonge ya anjera. Akaificha mikono ndani ya nguo.

Siku hiyo alilitoa kopo la choo chake. Vijidudu vilivyoota vilikuwa ni vile vile vya Idman, vikizidharau dawa zilezile. Kioko alisema asipike chakula cha kuuza wala kumlisha mtu kwa mkono mpaka vitoweke, na asimeze dawa yoyote ya kuviharakisha, kwa kuwa ni dawa zilizovileta. Muda na sabuni tu. Abdiqani alisikia yote hayo akiwa amesimama mlangoni, na koti lake alikuwa amelivua, amelikunja chini ya kwapa.

Sirad hakumgombeza mama yake. Hilo ndilo lililouma zaidi. Alimchukua Idman, akasema tu, "Maka anauza kuni sasa. Nimemwona barabarani, mtoto mgongoni."

Arbia alikwenda kumtafuta. Alipita vibanda vya mwisho vya mji, akafika kwenye nyumba za duara zilizofunikwa kwa maturubai na magunia. Maka alikuwa amekaa nje anafunga kuni mafungu. Alipomwona mgeni hakusimama, ila alimsogezea gunia la kukalia, maana mgeni ni mgeni.

Arbia hakulikalia. Alisema yote akiwa amesimama, haraka haraka, kama mtu anayetapika: dawa, Mina, tumbo, uongo wodini. "Maziwa yako hayakuwa na neno," alimalizia. "Ilikuwa mimi. Nisamehe, walaal, ndugu yangu."

Maka alikaza kamba ya fungu kwa meno, akaifunga. Mtoto wake alikuwa amelala kivulini, nzi wakimtembea.

"Uliponitaja," Maka alisema, "palikuwa na watu?"

"Walikuwapo."

"Na waliponimwagia, palikuwa na watu?"

"Walikuwapo pia."

"Sasa umekuja kunisafisha huku porini, tukiwa wawili." Maka akavuta kuni nyingine. "Mimi nilikuwa najua maziwa yangu ni mazima, Hajia. Hukuwa na haja ya kuja kuniambia mimi."

Hayo tu. Arbia alirudi kwa mguu, jua la saa sita likimchoma kichwani, na njia nzima alikuwa akijaribu kutafuta namna nyingine, njia yoyote ambayo isingempeleka pale alipojua lazima aende. Hakuipata.

Siku ya pili asubuhi alikwenda kwenye soko la maziwa, mahali wanawake wanapokaa mistari na madumu yao na wanunuzi wamejaa kutoka kila mtaa. Rukiyo alikuwapo, mtoto wake ameshapona, anaonja maziwa kwenye kifuniko. Arbia alisimama katikati, akasalimu. Watu wakaitikia kwa heshima, wengine wakasogea wakidhani Hajia ana mawaidha.

Alisema kwamba aliendesha Mina. Alilitaja neno lenyewe, bila kulifunika. Alisema alikunywa dawa kwa kuogopa aibu, akarudi na ugonjwa tumboni bila kujua, akawalisha watoto wao kwa mikono yake, na alipoulizwa na daktari akamsingizia Maka. "Maziwa hayana kosa," alisema. "Mliyamwaga bure. Kosa ni langu, na uongo ni wangu."

Msichana mmoja alicheka, akazibwa mdomo na mama yake. Mwanamke mmoja mzee akasema si kweli, Hajia anajibebesha makosa ya watu kwa wema wake tu, na maneno hayo yalimchoma Arbia kuliko kicheko. "Si wema!" alipaza sauti. "Nawaambia nilisema uongo!" Rukiyo alikirudisha kifuniko kwenye dumu, akaondoka bila kununua. Wengine walianza kumsogelea, wakasita, na Arbia akaona baadhi yao wakiitazama mikono yake na kurudi nyuma. Aliwaacha warudi nyuma. Walikuwa na haki.

Maka alirudi kuuza maziwa. Si wote waliomrudia. Nyumba kadhaa za Waberi ziliendelea kununua kwingine, kwa sababu neno baya likishaingia jikoni ni vigumu kulitoa, na wengine waliona haya kumwangalia usoni baada ya walichomtenda. Mlangoni kwa Arbia hakupita tena. Sirad alimfuata sokoni kila asubuhi, na Maka alimpimia sawasawa, bila kuongeza juu ya kipimo.

Jiko la anjera lilikaa baridi miezi mingi. Arbia alipochoka kukaa bure alisuka mikeka. Alikuwa na kipande chake cha sabuni kwenye kopo karibu na choo, na alikuwa akinawa mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Idman alikuwa akija na bakuli lake, anafungua mdomo kama alivyozoea, na bibi yake akamwitia Sirad amlishe. Mtoto alilia mwanzoni, kisha akazoea kula kwa mkono wa mama yake. Kipimo cha kwanza alichorudia kilionyesha vijidudu bado vipo. Kilichofuata, mvua zilipokuwa zimeshanyesha na Kioko yuko mbioni kuhamishwa, kilikuwa safi. Kioko alimpa mkono wa kwaheri, na Arbia, ambaye hakuwa na desturi ya kumpa mwanamume mkono, aliweka kiganja kifuani na kuinama.

Mwaka uliofuata, mahujaji wapya walipoanza kujiandaa, Arbia alisikia kuwa wanapanga foleni dukani kwa Abdiqani. Alikwenda akakaa kwenye benchi pale nje, na kila mwanamke aliyetoka na mfuko wa nailoni alimwita, akamweleza. Abdiqani alitoka mara moja kulalamika. "Eedo, unanifukuzia watu." Alimtazama shangazi yake kidogo, akarudi ndani. Baadaye alionekana akimwambia mteja mmoja, kwa aibu aibu, kwamba chumvi za kuchanganya na maji zinatosha, na hizo nyingine ni za mtu aliyekwisha kuonwa na daktari. Kwa mteja aliyefuata aliuza kama kawaida.

Mama mmoja kijana alimsikiliza Arbia mpaka mwisho, akafungua mfuko akavitazama vidonge. "Lakini Hajia," alisema, "tumbo likinigeuka mbele ya watu?"

"Litageuka," Arbia alisema. "Kunywa maji, nawa mikono. Watu watacheka, halafu watanyamaza."

Mwanamke yule alifikiri, akaufunga mfuko, akautia kwenye mkoba wake. Alishukuru kwa adabu, akaenda zake kuelekea stendi, na Arbia hakujua kama alivimeza au alivitupa.